Gunia la Kumi na Saba

Nadine Byukusenge hakuwa mtu wa chai. Alikunywa kahawa tangu ujana wake, na katika miaka ishirini na miwili ya kuwa ofisa wa upelelezi hakuwahi kukaa mbele ya kikombe cha chai akakihoji kama shahidi. Sasa alikuwa amestaafu, na Jumanne hiyo asubuhi ndiyo kazi aliyopewa na ushirika wa wakulima wa chai wa Bihambwe.

Vikombe vilikuwa viwili, vyeupe, juu ya meza ya depo ya Papa Symphorien, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Goma, mbele kidogo ya kambi ya Mubambiro. Papa Symphorien, mfanyabiashara mnene wa kutoka Butembo, alikaa huku rozari ikimning'inia mfukoni. Aliyeongea ni msimamizi wake, Archange, mtu mwenye viatu safi kupita kiasi kwa mtu anayesafiri na lori.

"Kamata ya kushoto, Mama," Archange alisema. "Ile njo échantillon ya kuonja, Bihambwe walitutumia mwezi uliopita. Ya kuume inatoka mu magunia."

Nadine alionja. Kikombe cha kushoto kilikuwa na chai nyekundu, safi, yenye ukali mdogo uliokaa ulimini kisha ukaondoka na adabu zake. Cha kulia kilimfanya akunje uso.

"Moshi," alisema.

"Moshi," Archange alikubali haraka. "Fuu yao, tanuri ya kukausha, iko na tundu. Adrienne, ule mwenye kuwachanganyia chai, alijua. Akachanganya tu, akafunga. Gunia makumi mbili na tatu, yote vile."

"Karatasi ya Bihambwe inasema makumi mbili na nne."

"Moja ilianguka mu mutoni, ku kilalo, ile daraja pale chini ya Bihambwe. Niliandika mu rapport. Mvua ilikuwa mingi, tulilala siku mbili mu matope na kamio, lori yetu." Archange alijimiminia maji ya moto kutoka kwenye thermos ya maua mekundu, ambayo mshikio wake uliovunjika ulikuwa umefungwa kwa kekele, zile kamba za msituni wanazosukia viti. "Nilitoka na roho yangu tu."

Papa Symphorien ndipo alipofungua mdomo. "Mama Nadine, mimi siko na roho mbaya. Adrienne namujua. Lakini mimi nilishachapisha mapaketi, jina Bihambwe iko juu. Kesho kutwa saa ine ya asubui OPJ wa Sake, ule polisi wa kuandika makosa, atafika hapa. Nikitia signature, contrat inakufa, na Adrienne anaenda parquet kushitakiwa juu ya udanganyifu."

Nadine alielewa uzito wa maneno hayo. Kwa zaidi ya miaka sitini chai ya vilima vile ilishuka bila jina. Iliuzwa kwa wachuuzi, ikapita Goma, ikafika kwenye mnada wa Mombasa, ikachanganywa na chai za nchi tatu nne, na mwishowe mtu wa mbali akanywa jasho la Masisi akidhani ni la kwingine. Papa Symphorien alikuwa mnunuzi wa kwanza aliyekubali kuliandika jina la Bihambwe kwenye pakiti. Akiondoka yeye, hatakuja mwingine.

Aliomba kuona magunia. Yalipangwa ukutani, kila moja na namba yake ya rangi ya bluu iliyopakwa kwa mkono. Alizihesabu namba. Iliyokosekana ilikuwa kumi na saba. Kisha akakunja mkono wa blauzi, akatumbukiza mkono ndani ya gunia la tano hadi begani, mpaka vidole vyake vikagusa kitu kipana, kikavu, kama karatasi nene. Archange alikuwa ameenda mlangoni kupokea simu. Nadine alichana kipande, akakifungia ndani ya daftari pamoja na konzi ya majani ya chai, akaaga.

Kabla ya saa tisa mchana pikipiki ilikuwa imemfikisha Bihambwe.

Adrienne alikuwa ameketi nje ya kiwanda, kwenye kibao ambacho si chake. Ushirika ulikuwa umemnyang'anya funguo tangu wiki iliyopita. Wanawake wenzake walipita na vikapu vyao mgongoni, wakasalimia miguu yake badala ya uso. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na kwa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa akichanganya chai yote ya pale: jani la kilima cha juu kwa harufu, la kilima cha kati kwa rangi, la bondeni kwa nguvu.

"Fuu iko na tundu ao haina?" Nadine alimuuliza, hata hajakaa.

"Ilikuwa nayo."

"Lini?"

Adrienne aliangalia mikono yake. "Siku mbili mbele ya kamio kufika. Niliona ufa mu bomba ya moshi. Nikaiziba na simenti, sikuambia komite. Niliogopa watasimamisha kazi."

Nadine alikasirika waziwazi. Mtu yuleyule aliyekuja kumtetea alikuwa amemkabidhi Archange kamba ya kumfungia. "Na unaniambia leo?"

"Dada, ungeniamini kama ningekuambia?"

Nadine aliingia kiwandani, akatafuta ufa kwa vidole. Aliukuta nyuma ya bomba, mrefu kama kiganja, umezibwa vizuri. Aliamuru tanuri liwashwe. Walitia kuni za mikaratusi, kama kila siku, na ule moshi mkali wenye harufu ya dawa ya mafua ukapanda juu kwa utulivu. Kisha Nadine mwenyewe alibandua simenti kwa kisu. Moshi ukaingia ndani. Walikausha sinia moja la majani katika moshi ule, wakachemsha maji, na Adrienne akamimina vikombe viwili: kimoja cha sinia hilo, kingine cha majani yaliyotoka depo.

Nadine alionja cha kwanza. Kilikuwa kibaya kweli, kilinuka mkaratusi kama chumba cha mgonjwa. Alionja cha pili. Kilikuwa kibaya pia, lakini ubaya wake ulitoka nyumba nyingine.

Adrienne alivuta kijiko chake kwa kelele, kama waonjaji wanavyofanya, akatema pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu Nadine afike, aliinua kichwa.

"Hii haiko moshi ya mukaratusi. Iko moshi ya nyama." Alimwaga majani makavu kwenye kiganja, akayatenganisha kwa ukucha. "Na angalia mashina yake, minene vile. Sisi tunachumaka majani mbili na ncha yake, basi. Miti yetu tunaikata, haipitake kiuno ya mwanamuke. Hii majani imetoka ku muti muzee, muti yenye haijakatwa miaka na miaka."

"Na hii?" Nadine alifungua daftari, akampa kile kipande.

Adrienne hakuhitaji hata kukinusa. "Mangungu. Majani ya kufungia chikwange, ule mukate wa muhogo. Umeitoa wapi?"

"Chini ya gunia yako ya tano."

"Hapa kwetu iko majani ya ng'ombe tu, dada. Mangungu inatoka mu pori, kule Walikale. Muntu wa kule hatiake kitu mu gunia bila kutandika mangungu chini, juu ya mvua. Hata umwambie nini, mukono yake inatandika yenyewe."

Nadine alifunga daftari. Basi magunia yalikuwa ya Adrienne, namba zilikuwa za Adrienne, lakini mikono iliyoyajaza haikuwa ya Bihambwe. Na lori linalokwenda Sake halina shughuli yoyote Walikale.

"Kule Walikale kuna chai?"

Adrienne alifikiri. "Babu yangu alipandaka chai ya muzungu mumoja wakati wa Wabelgiji. Alisema mashamba ilikuwa tatu. Mbili njo hizi zetu. Ya tatu ilikuwa ku mupaka, pale vilima vinashuka mu pori. Wabelgiji walipoenda, hakuna mwenye alirudi kule."

Jumatano Nadine aliipita Masisi mapema, akaendelea magharibi mpaka malisho yakaisha na miti ikaanza kubana barabara. Aliuliza kwa kila kibanda swali moja: lori la bluu la depo ya Mubambiro, juma lililopita, lilikwenda wapi? Kibanda cha nne walimwelekeza.

Aliikuta chai kabla hajawakuta watu wake. Mwanzoni hakuitambua. Ilikuwa miti mirefu kuliko paa la kanisa, imesimama kwa mistari iliyonyooka katikati ya msitu usiojua mstari, na ngazi za mianzi zimeegemezwa juu yake. Mtu alikuwa akishuka kwenye mojawapo. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye mkuki wa kuwindia uliosubiri chini ya ngazi. Jina lake lilikuwa Henri.

"Karibu, Mama. Weye njo wa kamio?"

"Kamio gani?"

"Ya Papa Archange. Alisema atarudi kubeba mizigo yake."

Nadine alikuwa amewahi kuwahoji wezi wa ng'ombe, walaghai wa hati za mashamba na mchungaji mmoja wa uongo, na hakuna aliyewahi kumpa ukweli hivyo bila kuombwa. Alikaa juu ya gogo. "Nieleze mupango yenyu na Papa Archange."

Henri alieleza bila haya, kwa sababu hakuona cha kuonea haya. Archange alikuja mwezi uliopita, akasema wachimbaji wa dhahabu wa Omate wanataka chai, yoyote, hawajali harufu. Watu wa Henri walipanda miti, wakachuma, wakasokota majani kwa mikono, wakayakausha juu ya vichanja vya kukaushia nyama ya porini. Vichanja vingine hawakuwa navyo. Halafu juma lililopita Archange alifika na lori lililojaa, akaitoa chai yote kwenye magunia yenye namba, akaitia katika magunia meupe yasiyo na namba, kisha akawapa yale yenye namba wayajaze ya kwao.

"Na ile chai ingine, ya mu magunia meupe?"

"Iko hapa. Alitaka tuiweke mu jikoni, lakini katekista alikataa. Alisema chai inakamata harufu kama mutoto anakamata mafua. Tuliiweka mu chapelle."

Nadine alijizuia kucheka kwa furaha, na hakuweza sawasawa. Chai yote ya Bihambwe ilikuwa imelala chini ya msalaba, kavu, ikimsubiri.

"Ulijaza gunia ngapi zenye namba?"

"Zote. Makumi mbili na nne. Lakini Archange alibeba makumi mbili na tatu." Henri alikuna shingo. "Pale palikuwa maneno. Kwetu, kitu muti inakupa mara ya kwanza hakiuzwe. Unakipeleka kwa muzee. Sisi hatukuwa tumeuza chai hata siku moja, njo tukapeleka gunia ya kwanza tuliyojaza kwa mujomba wangu. Archange alikasirika sana. Alitaka kuikamata na nguvu. Mujomba alikaa juu yake."

"Juu ya Archange?"

"Juu ya gunia, Mama."

Walikwenda. Mjomba alikuwa mtu mkavu mwenye sauti ndogo, na gunia lilikuwa pembeni ya kitanda chake. Nadine aliligeuza kwa mikono miwili. Rangi ya bluu, mwandiko wa Adrienne, namba kumi na saba.

Aliomba kulinunua. Mjomba alimwangalia kwa huruma. Aliomba kuliazima, akaeleza habari za Adrienne tangu mwanzo, ufa na yote, na mwanamke anayeitwa mwongo na kijiji chake mwenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Haiuzwe," alisema. "Lakini kutembea, inaweza kutembea. Henri ataenda nayo, na Henri atarudi nayo." Jioni hiyo Nadine alikodi lori, wakapakia gunia hilo pamoja na magunia meupe ya chapelle.

Alhamisi saa nne kasorobo OPJ wa Sake alikuwa ameshakaa depo na makaratasi yake. Adrienne alisimama karibu na mlango, amevaa kitambaa chake cha Jumapili, kwa sababu kama ni kuaibishwa alitaka aaibishwe akiwa safi. Barua ya kuvunja mkataba ilikuwa mbele ya Papa Symphorien, na kalamu juu yake.

Nadine aliingia peke yake. "Papa Symphorien, mbele ya signature, OPJ aandike jibu moja tu ya Archange. Ile gunia ya kumi na saba ilianguka wapi?"

Archange alitabasamu. "Mama, nilishasema. Ku kilalo, chini ya Bihambwe."

"Uliiona na macho yako?"

"Na macho yangu. Maji iliibeba."

"Ilikuwa imefunguliwa?"

"Hapana, ilishonwa vile ilitoka kwa Adrienne."

OPJ aliandika, Archange akatia sahihi yake yenye mikia mingi. Nadine alisubiri wino ukauke. Kisha akaenda mlangoni akaashiria, na Henri akaingia na gunia begani, akalitua katikati ya chumba, namba ikiwatazama wote.

Papa Symphorien aliinuka, akalishika gunia kwa kiganja. "Iko kavu," alisema polepole.

"Mutu aliipata mu maji, akaianika," Archange alisema. "Bantu wa mutoni wanaokotaka vitu."

"Na maji ikaitandikia mangungu chini?" Nadine alikata ushonaji, akazamisha mkono, akatoa jani pana na kuliweka juu ya karatasi ya OPJ. Alitoa jani jingine kutoka gunia la tano ukutani, akaliweka kando yake. "Adrienne, tuchemshie maji."

Vikombe vilikuwa vitatu safari hii, na Nadine alivipanga mwenyewe, Papa Symphorien akiwa amegeukia ukuta. Mzee wa Butembo alionja kimoja kimoja kwa kelele. Alirudia. Akasukuma viwili upande mmoja.

"Hizi mbili iko kitu kimoja. Moshi moja, shina moja. Hii ya tatu njo chai yenye nilinunua."

"Moja ya zile mbili inatoka mu magunia ya depo yako," Nadine alisema. "Ingine inatoka mu gunia ya kumi na saba, yenye ilikuwa kando ya kitanda ya muzee, Walikale. Na ya tatu nimeitoa jana mu chapelle ya kule. Chai yako yote iko inje, ndani ya kamio."

Archange alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Bantu wa Walikale simujui hata mumoja. Huyu muntu sijamuona."

Henri hakubisha. Alikuwa akiangalia meza. Alinyoosha mkono akachukua ile thermos ya maua mekundu, akaigeuza, akapapasa mshikio wake uliofungwa.

"Hii iko ya mama yangu," alisema. "Mukono ya thermos ilivunjika ku Noeli, nikaifunga na kekele mimi mwenyewe. Papa Archange, siku ulilala kwetu mama alikutilia chai ya njiani. Ulisema utairudisha. Anaiulizaka kila siku."

OPJ aliacha kuandika ili aangalie vizuri. Maneno yakamtoka Archange yote pamoja: kwamba mkataba ungekufa, kwamba chai ya Bihambwe ingekosa mnunuzi, kwamba yeye angeiuza kwa jina lake mwenyewe na mwaka ujao wakulima wangemjia wakipiga magoti. Alisema kana kwamba ulikuwa mpango mzuri ulioharibiwa na watu wasio na akili. OPJ alimshika mkono, na vile viatu safi vikatoka nje vikipita katikati ya wanawake wa Bihambwe, waliokuwa wamefika na lori la pili na kusimama uani. Hawakumzomea. Walikuwa wakimtafuta Adrienne kwa macho, na waliposikia walianza kupiga vigelegele mpaka askari wa Mubambiro wakatoka kuangalia.

Papa Symphorien aliichana barua vipande vinne. "Mama Adrienne, unisamehe. Nilionja kwa ulimi ya muntu mwingine."

Adrienne alilia kidogo, akajifuta na kitambaa chake cha Jumapili. Halafu, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni, aliirudia meza. Alipima majani ya Bihambwe vijiko tisa. Alinusa gunia la Henri, akafikiri, akaongeza kijiko kimoja cha chai yake ya moshi. Nadine alitaka kumzuia, akaona uso wake, akamwacha. Adrienne alitia kijiko kimoja cha mchanganyiko huo kikombeni, akamimina maji, akasubiri, akampa Papa Symphorien.

Mfanyabiashara alionja. Safari hii hakutema.

"Hii njo chai gani?"

"Vilima na pori," Adrienne alisema. "Moshi mingi inaua chai. Moshi kidogo, inaikumbusha moto."

Papa Symphorien alikunywa mpaka chini. Alimgeukia Henri. "Kaka, ile miti yenyu mirefu, munaweza kunipa gunia ine kila mwezi?"

"Tukipewa ngazi zingine, hata sita."

"Basi hii natafutia paketi yake. Mama, nifungie hii ulichanganya leo, niionyeshe bantu wa Goma."

Nadine alikunja makaratasi yake. Kile kikombe cha tatu, cha chai ya Bihambwe, kilikuwa kimebaki na kidogo, akakimaliza bila kuombwa na mtu, akajishangaa. Adrienne alikuwa amemimina mchanganyiko wote ndani ya mkebe, amefunga kifuniko, ameupaka namba moja kwa rangi ya bluu. Papa Symphorien alinyoosha mkono kuupokea.

Adrienne alimpita, akauweka mikononi mwa Henri.

"Hii haiuzwe, Papa," alisema. "Hii ya kwanza iko ya mujomba."